Cheti cha kampuni si cheti cha ukandarasi

Mfanyabiashara wa Kariakoo hapokei hundi ya mtu asiyemjua, na mzigo wa vitenge huuhesabu jora kwa jora kabla ya kutia sahihi. Lakini mtu huyo huyo anapofikia kujenga nyumba yake Mbezi au Kigamboni, humkabidhi mkandarasi akiba ya miaka kumi kwa kuwa tu kaja na faili lenye mihuri.

Tatizo liko ndani ya faili hilo, na mara nyingi karatasi zenyewe si za kughushi. Humo huwamo cheti cha kuandikishwa kampuni kutoka BRELA na namba ya mlipa kodi kutoka TRA. Vyote vinaweza kuwa halali kabisa. Hata hivyo, BRELA huandikisha kampuni ya kuuza samaki kama inavyoandikisha ya kujenga ghorofa, na TRA inachotaka ni kodi. Hakuna kati ya hizo iliyopima kama mwenye kampuni anajua kusuka nondo.

Kazi ya kupima ni ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1997. Cheti cha bodi hiyo nacho kisomwe, kisitazamwe tu. Makandarasi wa majengo wamegawanywa katika madaraja saba, la saba likiwa la chini, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja linaloruhusiwa kufanya. Aliyesajiliwa kwa kazi za umeme au za barabara hajasajiliwa kujenga nyumba. Aidha, makandarasi hulipa ada kila mwaka na bodi huwafutia au kuwasimamishia usajili wanaokiuka masharti, hivyo cheti kilichotundikwa ukutani kinaweza kuwa cha kampuni iliyokwisha kufutwa. Orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwenye tovuti ya bodi na katika ofisi zake za kanda. Jina lilinganishwe herufi kwa herufi, maana kampuni mbili hutofautiana kwa neno moja tu.

Ujanja unaowaponza wengi zaidi ni ule wa kuazima cheti. Kampuni iliyosajiliwa humpa mtu mwingine nakala ya karatasi zake kwa malipo, naye huzitumia kupatia kazi. Bodini jina lipo, daraja lipo, kila kitu ni sawa. Nyumba ikipasuka, mwenye cheti husema hajawahi kukanyaga kiwanja hicho. Dalili yake huonekana kwenye fedha: mkataba umeandikwa jina la kampuni, lakini kishika uchumba kinatakiwa kitumwe kwenye simu ya mtu binafsi. Mwenye nyumba apige simu au afike ofisi ya kampuni kwa anwani aliyoipata bodini, si ile aliyopewa na mgeni wake, aulize kama kazi hiyo wanaitambua.

Hasara yenyewe si ya kinadharia. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Kwa nyumba ndogo mambo huenda polepole. Nondo ya milimita 10 ikiwekwa mahali pa milimita 12, chuma kimepungua kwa karibu theluthi moja, na zege likishamwagwa hakuna wa kuona.

Ndiyo maana inafaa kwenda kutazama nyumba mbili au tatu alizojenga mkandarasi huyo, bila yeye kuwapo, na ikiwezekana baada ya masika. Mwenye nyumba ataeleza kama paa linavuja, na kama mkandarasi alirudi alipoitwa.

Malipo nayo yafuate hatua: msingi, kuta, kupaua. Sehemu ndogo, mathalani asilimia 5 au 10, ibaki mkononi mwa mwenye nyumba hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kilichotajwa katika mkataba kimalizike. Mkandarasi anayekataa sharti hilo aulizwe sababu kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.