Wapi Pana Usalama Zaidi, Mjini au Shambani?



Mara nyingi mtu akija ofisini kwetu kuulizia mbegu za tikiti au mashine ya maji, mazungumzo huishia kwenye usalama. Mkulima husema, "Heri nihamie Garissa mjini, huko kuna taa na askari." Na mtu wa mjini naye ataka kijishamba kando ya Tana apate kulala bila wasiwasi. Kila mmoja ana haki kidogo.

Mjini, mtu wa kuogopwa ni yule usiyemjua. Ataka simu yako au fedha za mauzo, akishapata huenda zake. Polisi wako karibu, na hospitali pia. Lakini mji si ngome. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi, na mambo hayakuisha mpaka jioni, ingawa mji ule una kambi ya jeshi.

Shambani ni vingine. Huko mwenye kukudhuru mara nyingi wamjua, hata ng'ombe wake wawajua. Naye hatafuti mfuko wako, atafuta maji. Kiangazi kikizidi wafugaji huteremka mtoni kwa malka, yaani zile njia za mifugo za tangu zamani. Mkulima naye, kwa kuwa udongo wa kando ya mto ni mzuri, hupanda migomba mpaka katikati ya malka. Ng'ombe mwenye kiu ya siku tatu hajui ua wala mpaka. Migomba huliwa, fimbo hutoka, kisha panga. Ninyi wa skimu za Bura na Hola mwayajua haya kuliko mimi karani. Huko Delta ya Tana, ugomvi wa Wapokomo na Waorma juu ya maji, ardhi na malisho, pamoja na siasa zilizouchochea, ulizaa maafa: tarehe 22 Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto.

Mtu aweza kuuliza, mbona vitabu vya polisi huonyesha makosa machache huku kwetu kuliko Nairobi? Jibu moja ni maslaha. Wazee huketi chini ya mti, hukata fidia, na jambo huisha bila kuandikwa popote. Kwa mbuzi aliyeibwa au migomba iliyoliwa, ni njia njema. Kwa binti aliyenajisiwa si njema hata kidogo: mali hulipwa baina ya wanaume, naye binti hakuulizwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yataka kesi hiyo iende kortini. Mpelekeni hospitali upesi, kabla hajaoga, wala zisipite saa 72, maana dawa ya kuzuia ukimwi baada ya hapo haifai. Kisha polisi.

Wajir wamefunza jambo. Koo zilipopigana miaka ya mwanzo ya 1990, chuki ilifika hata sokoni, mama wa ukoo huu akikataa kumwuzia mama wa ukoo ule. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walianzia hapo hapo: kila mama anunue na kuuza bila kufukuzwa, nao wakawa wakilinda soko wenyewe. Wazee walifuata baadaye, wakafanya Azimio la Al Fatah mwaka 1993.

Basi kabla ya kupanda, mwulize Bwana Shamba na wazee wa wafugaji malka yapita wapi, ukaipime kwa hatua, si kwa macho. Mimea ikiliwa, usimfunge ng'ombe wala usimpige kijana mchungaji. Hesabu migomba mbele ya mashahidi, umwite chifu na Bwana Shamba siku ile ile, kabla nyayo hazijafutika.

Mkulima mmoja alilalamika kwangu kuwa kuacha malka kumempotezea mistari miwili ya migomba. Nikamwuliza mwaka wa kabla yake alipoteza mingapi. Akacheka, akasema, "Shamba zima."