Ua la Kivulini Linaloonyesha Maji



Ukipanda kuelekea msitu wa milima yetu ya Kivu, karibu na kijito utakuta maua madogo chini ya miti, meupe ao ya rangi ya waridi. Watoto wanayajua sana: wakigusa tunda lililokomaa, linapasuka, mbegu zinaruka. Juu ya ile, wataalamu waliita jamii hii Impatiens, neno la Kilatini lenye maana ya «asiye na uvumilivu». Aina moja, Impatiens burtonii, inapatikana hapa Kivu, Rwanda, Burundi na Uganda.

Mwanzo wa kazi yangu nilikosea. Tulikuwa tunatengeneza chemchemi ya wanachama. Niliona majani mengi, nikasema: fyekeni yote, pawe safi. Mama mmoja mzee akaniuliza: «Agronome, ile maua ikiisha, nani atatuambia kama udongo ungali na maji?» Nilicheka. Kiangazi kilipofika, udongo ulikauka, ukapasuka. Mvua ya kwanza ikashusha matope yote ndani ya maji ya kunywa. Sikucheka tena.

Yule mama alikuwa na haki. Shina la ua hili ni laini, limejaa maji. Jua kali likilipiga, linanyauka upesi. Pale linapostawi kuna kivuli, majani yaliyooza na udongo wenye unyevu. Ua halileti maji, lakini linaonyesha kama mahali pangali pazima. Tena, nyuma yake kuna kamkia chembamba chenye maji matamu, chakula cha wadudu wanaochavusha.

Kwa hiyo tufanye hivi:

– Tusilime wala kufyeka mpaka kwenye jicho la chemchemi. Tuache walau hatua kumi kila upande.

– Kama ni lazima kusafisha njia, tungoje mbegu zipasuke kwanza. Aina zingine za jamii hii zinaishi msimu mmoja tu: ukizikata mbele ya mbegu kukomaa, umekata na za mwaka ujao.

– Tusipande mikaratusi karibu na maji, inakunywa sana. Markhamia lutea, mti wa kwetu, unafaa zaidi.

Kwenye mkutano ujao wa kooperative, twendeni pamoja kwenye chemchemi, tuangalie chini ya miti. Kama maua yangali pale, tuyalinde. Kama yameisha, tuanze kurudisha kivuli mbele ya kiangazi.