Kabla ya Kushika Sindano, Mpime Atakayevaa

Mke wa sajini mmoja aliyekuwa akiishi kambini karibu na Kabale alitumia majuma matano akimfumia mumewe skafu. Kabale iko milimani, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ukungu huziba mabonde hata mlinzi aliyesimama langoni asimtambue mtu aliye hatua ishirini mbele yake. Skafu ilikuwa nzito, ndefu na nyekundu, na majirani waliokutana bombani waliisifu sana. Juma la sita ikaja amri ya uhamisho. Sajini akapelekwa Mogadishu, penye joto la pwani mwaka mzima. Skafu ilisafiri naye chini kabisa ya begi, na baada ya mwaka ikarudi chini kabisa ya begi, imekunjwa vile vile ilivyokunjwa siku ya kuondoka.

Tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipoanza kwenda Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, wake wengi wa askari wamejifunza kwamba mume aweza kuondoka kwenye baridi na kujikuta kwenye jua kali katika muda wa siku moja. Mikono ya akina mama hawa haina kasoro. Wengi wao hufuma vizuri, na vitambaa vyeupe vilivyotandazwa juu ya viti vya sebuleni ni ushahidi wa kutosha. Kinachowapotosha ni swali la kwanza. Hujiuliza wafume nini, kumbe lililotangulia ni nani atakayevaa, atavaa mahali gani, na atakuwa kazini au nyumbani.

Sare ya jeshi na ya polisi ina kanuni zake. Sweta yenye viraka vya kitambaa mabegani na viwikoni hutoka ghalani, wala hakuna mkuu wa gwaride atakayemvumilia konstebo aliyejitanda skafu ya maua shingoni. Kwa hiyo zawadi ya mtu wa sare hukaa mahali pasipofikiwa na jicho la mkaguzi: soksi ndani ya buti, kofia ya kuvaa nyumbani baada ya zamu, kifuko cha kutilia sabuni na wembe. Mke anayependa rangi na atie mistari kwenye kidole cha soksi, ambako mvaaji peke yake ndiye atakayejua kuwa ipo.

Jambo la uzi ni zito kuliko la rangi. Sokoni kila uzi laini wenye manyoya huitwa sufu, lakini sehemu kubwa ya madonge hayo ni akriliki, yaani uzi uliotengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Akriliki ni rahisi, haichuji rangi upesi, na kwa skafu ya mtoto wa shule inatosha. Hatari yake ni moto. Uzi wa namna hiyo ukishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi, na jeraha lake huwa baya kuliko la moto wenyewe. Kwa sababu hiyo, mwezi Aprili 2006 jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani lilipiga marufuku askari wake walioko Iraq kuvaa nguo za ndani za poliesta na nailoni wanapotoka nje ya kambi, kwa kuwa mabomu ya barabarani yalikuwa yakiziyeyusha mwilini. Sufu ya kondoo haiyeyuki. Huungua polepole, na moto ukiondolewa huzimika yenyewe.

Mwenye shaka hana haja ya kumtegemea muuzaji. Hukata kipande cha uzi cha urefu wa kidole, akakishika kwa koleo dogo juu ya bakuli la maji, mbali na watoto, kisha akakisogeza kwenye ndimi za moto. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi husagika kati ya vidole likishapoa. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Akriliki huwaka kwa haraka huku ikijikunja na kutona, na mwishoni huacha punje ngumu kama shanga. Jaribio hili ni la dakika moja, nalo humwambia mfumaji kama soksi zake zinafaa kuvaliwa karibu na moto au hazifai.

Sufu halisi si lazima itoke dukani. Katika marundo ya nguo za mitumba hupatikana masweta ya sufu tupu, na sweta lililofumwa laweza kufumuliwa likarudi kuwa uzi. Mnunuzi mwerevu hugeuza sweta ndani nje na kutazama mishono ya ubavuni. Kama kila kipande kilifumwa na ukingo wake na kisha vikaunganishwa, uzi utatoka mrefu bila kukatika. Kama ukingo ulikatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani ya kuzuia nyuzi zisitoke, atapata vipande vifupi visivyo na kazi. Sweta lililowahi kuchemshwa likashikana kama blanketi nalo liachwe, hata likiwa la bei ndogo kiasi gani. Uzi uliofumuliwa huzungushwa kwenye miguu ya kigoda, hufungwa mahali panne usitatizike, huloweshwa katika maji ya vuguvugu, kisha huanikwa ukiwa umening'inizwa kitu kizito kidogo ili mikunjo ya zamani inyooke.

Ndipo vipimo vifuate. Kichwa cha mtu mzima huwa na mzunguko wa sentimita 56 hivi. Kofia isiyolegea hufumwa pungufu ya hapo kwa sentimita tano au sita, kwa maana kazi ya sindano huvutika. Kwa sindano za milimita nne na uzi wa unene wa kadiri, vitanzi 22 hutoa upana wa sentimita 10, basi vitanzi 110 hutoa sentimita 50. Lakini mikono haifanani. Yuko anayekaza uzi kama anayefunga mzigo, na yuko anayeulegeza. Mfumaji mwangalifu hufuma kwanza kipande kidogo cha mraba, akakilaza mezani na kuhesabu vitanzi vyake kwa rula. Saa moja ya kipande hicho humwokoa na majuma mawili ya kujuta.

Kofia yenyewe haina siri kubwa. Vitanzi 110 huanzishwa, na pindo hufumwa viwili kwa mbele na viwili kwa nyuma, likianza na kumalizika kwa viwili vya mbele, mpaka lifike sentimita sita. Baada ya hapo kazi huwa safu moja ya mbele na moja ya nyuma hadi urefu wa sentimita 16 tangu mwanzo. Kitanzi kimoja cha kila ukingo huachwa kwa ajili ya mshono, na 108 vilivyobaki hugawanywa mafungu 12 ya vitanzi tisa. Katika kila safu ya mbele, vitanzi viwili vya mwisho wa kila fungu hufumwa pamoja, hivi kwamba 108 huwa 96, kisha 84, na kuendelea mpaka kila fungu libaki na kimoja. Safu za nyuma hufumwa bila kupunguza. Uzi hukatwa, hupitishwa katika vitanzi vyote vilivyosalia, huvutwa kwa nguvu na kufungwa, halafu ubavu ukashonwa. Gramu 100 za uzi zatosha na kubaki.

Soksi ni kazi ya watu wavumilivu, nazo zina historia yao katika majeshi. Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipokuwa changa, Lord Kitchener, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Uingereza, alihitaji soksi jozi 300,000 na mikanda ya sufu 300,000 kwa ajili ya askari, na Malkia Mary akatoa mwito kwa wanawake wa nchi hiyo. Katika mahandaki yaliyojaa maji ya baridi, miguu ya askari ilikuwa ikivimba na kuoza. Wakubwa wao waliwaamuru wajipake mafuta miguuni na kubadili soksi mara kwa mara, na soksi kavu ikawa kitu cha thamani. Sufu ilipendwa kwa sababu yaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla haijahisiwa kuwa imelowa.

Jina la Kitchener limebaki kwenye namna ya kufunga ncha ya soksi. Vitanzi vya juu na vya chini huunganishwa kwa sindano ya kushonea, kimoja baada ya kimoja, pasipo kuacha tuta juu ya vidole. Mtu wa nyumbani aweza kuliona jambo hilo dogo. Askari aliyetembea kilomita 20 ndani ya buti hulijua vizuri, maana tuta la uzi nene kama njiti ya kiberiti latosha kumletea lengelenge. Vivyo hivyo, fundo halifungwi kamwe ndani ya soksi. Uzi ukiisha, ncha ya mpya hufumwa sambamba na ya zamani kwa vitanzi vichache, na mikia hufichwa kwa upande wa nje.

Kwa mtoto anayekua, kisigino huleta taabu nyingine, kwani baba akirudi likizo huikuta soksi aliyoagiza ifumwe imeshakuwa fupi. Wafumaji wa zamani walikuwa na dawa yake. Walifuma soksi isiyo na kisigino, kama mrija, vitanzi vinne vya mbele na vinne vya nyuma, na baada ya kila mizunguko minne mistari husogezwa kitanzi kimoja upande mmoja. Soksi hujizungusha na kukumbatia mguu wowote. Mtoto akikua, kisigino chake hupata mahali pengine, na kwa kuwa soksi haivaliwi kila siku kwa namna ile ile, haitoboki upesi mahali pamoja.

Zawadi iliyo ndogo kuliko zote ndiyo huenda ikawa na kazi kubwa kuliko zote. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hana mafuta ya kutosha mwilini na hupoteza joto upesi, hasa kichwani. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, alianza kuwaweka watoto wa namna hiyo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za joto hazikutosha. Utaratibu huo umeenea duniani, na mavazi ya mtoto wakati huo ni nepi, soksi na kofia basi. Bibi au shangazi anayesubiri habari nyumbani aweza kuifuma kofia hiyo jioni moja. Mtoto aliyetimiza miezi yake huwa na kichwa cha sentimita 35 hivi, na vitanzi 70 humtosha. Kwa aliyewahi kuzaliwa, ni heri mama aulizwe kipimo, kwani tofauti ya majuma machache ni kubwa. Uzi uwe wa pamba au laini sana, bila manyoya ya kumwingia puani. Kamba za kufungia shingoni zisiwepo, wala vifungo vya kung'oka. Ndani ya glovu na soksi zake nyuzi ndefu zisining'inie, maana huweza kukinyonga kidole cha mtoto na damu isipite. Na mtoto mwenye afya akishafika nyumbani, kofia huvuliwa anapolala, kwa sababu kichwa ndicho kinachompunguzia joto likizidi.

Wako wanaume wanaocheka wakisikia habari za sindano. Katika kisiwa cha Taquile, kwenye Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaofuma kofia ni wanaume, nao hujifunza wakiwa watoto. Kofia yenyewe hueleza habari za mvaaji: nyekundu tupu ni ya aliyeoa, yenye nyekundu na nyeupe ni ya asiyeoa. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa wanadamu. Hata huku, wako wazee wa kikosi waliofuma walipokuwa shule ya msingi kwa spoku mbili za baiskeli zilizonolewa juu ya jiwe, ingawa si wote watakaokiri.

Kuhusu kufua, sufu huharibiwa na maji ya moto na kusuguliwa. Huoshwa kwa maji baridi au ya vuguvugu, hukamuliwa ndani ya taulo bila kusokotwa, na hulazwa kivulini. Ikitundikwa kwenye kamba ikiwa imelowa, kofia ya baba hurefuka ikawa mfuko.

Mke wa sajini, mumewe aliporudi Kabale, alikata kipande cha skafu ile nyekundu na kukichoma. Kilinuka nywele. Jioni ile ile akaifumua, sajini ameketi mbele yake na mikono miwili mbele kama nguzo, akizungushiwa uzi. Mizani ya jirani ilionyesha gramu 250. Gramu 100 ziligeuka soksi za kuvaa katika zamu za usiku, na 100 nyingine zikawa kofia ya mama mkwe, ambaye alikuwa amelalamikia baridi tangu mwaka uliotangulia. Gramu 50 zilizosalia zingali donge ndani ya kikapu, kwa kuwa binti yao mkubwa anatazamia kujifungua na mtoto bado hajapimwa kichwa.