Kabla Hujauza Kiwanja, Ulizia Ustawi wa Jamii

Mgonjwa asiye na bima akifika hospitali ya serikali Tanzania, safari yake inaanzia dirisha la malipo. Atalipia kumwona daktari. Akitoka kwa daktari atalipia vipimo, majibu yakija atalipia dawa, na dawa ikikosekana atapewa karatasi akanunue mtaani. Akilazwa, ukoo unafungua kikundi cha WhatsApp: nani katoa, nani kaahidi, nani kakaa kimya. Mchango usipotosha zinauzwa mbuzi, kisha kiwanja.

Kinachoniuma ni kwamba wengi huuza bila kuambiwa kuwa katika hospitali hiyohiyo yupo afisa ustawi wa jamii, na kwamba kazi yake mojawapo ni kuwaombea msamaha wasioweza kulipa.

Msamaha huo si hisani. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, ulikuja pamoja na misamaha. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu na wanaoishi na VVU wamo katika sera. Asiye katika makundi hayo lakini hana kitu, naye anaweza kuombewa. Afisa atamhoji anaishi na nani, anafanya kazi gani, nani humsaidia; kisha atapendekeza asamehewe yote, sehemu, au alipe kidogokidogo.

Tatizo ni saa ya kuyasikia hayo. Mara nyingi mgonjwa hutajiwa ustawi wa jamii siku ya kuruhusiwa, deni limeshapanda na kiwanja kimeshapata mnunuzi. Kwa maoni yangu ofisi hiyo ingepaswa kutangulia dirisha la malipo, na bango lake lisomeke kutoka getini.

Lakini tusiwatupie lawama wahudumu peke yao. Hospitali inayosamehe hubaki na pengo: vitendanishi vimetumika, dawa zimetoka, na fedha ya kuvirudisha haijaja. Mganga mfawidhi mwenye rafu tupu atautangazaje msamaha kwa sauti? Ndiyo maana msamaha mwingi huishia kwenye karatasi ya kununua dawa nje, na duka la dawa halisamehe mtu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kwangu mimi, utekelezaji wake upimwe kwa jambo moja: je, fedha inamfuata mgonjwa maskini mpaka kwenye zahanati au hospitali alikotibiwa? Kama haimfuati, atakuwa na kadi ya bima mkononi na ataambiwa dawa hakuna.

Kwa sasa, mwenye mgonjwa amuulizie afisa ustawi wa jamii siku ileile ya kulazwa, na aombe kuelezwa gharama kabla ya kila kipimo kikubwa. Atahitaji pia barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya kaya. Barua hiyo huchelewesha wengi, kwa hiyo ndugu mmoja abaki nyumbani aifuatilie wakati wengine wanamsindikiza mgonjwa.