Kwa nini watu hukaa katika hatari wanayoijua?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

KILA mvua zinapokaribia, wakazi wa mabondeni nchini hutakiwa kuhama. Wengi husikia, na wengi hubaki. Lawama inayofuata ni ile ile: wananchi ni wakaidi.

Watafiti wa maafa wana jibu jingine. Mwanajiografia wa Marekani, Robert Kates, aliyefariki mwaka 2018, aliwahoji wakazi wa kandokando ya mito nchini mwake, na mwaka 1962 akachapisha alichobaini: watu ni wafungwa wa uzoefu wao. Aliyeona maji yakifika kizingitini huamini kuwa hayatapita hapo. Asiyepata kuyaona huamini kuwa hayaji kabisa.

Kates hakuishia kwao. Mwaka 1967 alikuja Dar es Salaam kuongoza ofisi ya utafiti ya chuo kikuu, BRALUP, ambayo leo ni Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa utafiti kuhusu wakulima wa Tanzania na ukame. Ilidhihirika kuwa mkulima hakai bure: hupanda mazao yanayovumilia jua, hutafuta vibarua, huhamia kwa ndugu, husali. Hata hivyo, huchagua kati ya njia anazozijua na anazozimudu.

Njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, inathibitisha hoja hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua Mgunda Mkali, nyika kavu iliyo kati ya Ugogo na Unyanyembe, wakapanga safari zao kwa kufuata maji. Wengi walishuka pwani baada ya mavuno na kurejea kabla ya msimu wa kulima. Ujuzi huo ulidumu kwa sababu kila mwaka ulitumika.

Ujiji mambo yalikuwa kinyume. Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, Ziwa Tanganyika lilikuwa juu. Miaka michache baadaye maji yalifungua njia kupitia Mto Lukuga, ziwa likashuka na ufuko ukasogea mbali. Vizazi vilivyofuata viliiona nchi kavu, si ziwa. Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji yalipanda tena na kuingia katika makazi ya mwambao wa Kigoma.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, nayo imeonja adha hiyo. Mafuriko ya Kilosa na Dodoma mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikata njia, na abiria wa magharibi wakakosa treni kwa miezi kadhaa.

Gharama ya kusahau ni kubwa. Aprili 2024 Serikali ililieleza Bunge kuwa mvua za El Nino zilikuwa zimeua watu 155 nchini.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kwa mujibu wa hoja ya Kates, kutangaza hatari pekee hakutoshi. Kamati zinapaswa kuwauliza wazee maji yalifika wapi, kuweka alama mahali hapo, na kumwonyesha anayeambiwa ahame pa kwenda na namna ya kuishi huko. Asiye na pa kwenda hubaki, hata akiamini kila neno la tahadhari.