Leseni ya Baa: Neno Lako Liingie Kwenye Muhtasari

Saa nne usiku, mtaa mmoja wa Kata ya Ipagala, jijini Dodoma. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia imevunjwa ukuta wa mbele, viti vya plastiki vimefika hadi ukingo wa barabara, na spika mbili zinatazama kwa majirani. Nyumba ya pili, binti anayejiandaa na mtihani wa darasa la saba anasoma huku ameziba masikio. Baba yake anampigia simu mwenyekiti wa mtaa, naye anaahidi kulishughulikia. Kesho yake muziki uko palepale.

Malalamiko ya aina hii mengi huja yakiwa yamechelewa. Baa ikishafunguliwa, mwenyewe ana mkopo, ana wahudumu wa kuwalipa na leseni ameitundika ukutani. Mahali pa kusema palikuwa nyuma kidogo, pale masharti ya baa yalipokuwa yanaandikwa.

Uuzaji wa pombe nchini unaongozwa na Sheria ya Vileo, Sura ya 77, iliyotungwa mwaka 1968. Sheria hiyo inatenganisha aina za leseni, kwa hiyo baa haihesabiwi sawa na duka la chupa za kubeba, wala na kilabu cha pombe za kienyeji. Jiji nalo linaweza kutunga sheria ndogo kwa kutumia Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Kabla ya kuzitunga, halmashauri inatakiwa kutangaza kusudio lake na kuwaita wakazi watoe pingamizi au maoni kwa maandishi. Rasimu ikishapita Baraza la Madiwani huenda kwa Waziri mwenye dhamana, akiidhinisha ndipo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ikifika huko, hata kufuta sentensi moja kunahitaji kuanza upya. Na tangazo lenyewe huweza kuwa karatasi moja tu kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, imebanwa kati ya ratiba ya chanjo na tangazo la kiwanja. Lisome.

Ukiitwa kutoa maoni, usiishie kusema kelele zimezidi. Sema spika za nje zizimwe saa ngapi, baa ikae hatua ngapi kutoka shule au zahanati, vyoo viwe vingapi. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 tayari zina viwango, na vya usiku ni vikali kuliko vya mchana. Lakini kiwango cha sauti hupimwa kwa kifaa, na mtendaji wa mtaa hana kifaa hicho. Saa ya mkononi anayo. Ndiyo maana mimi naamini sheria ndogo inayotaja saa ya kuzima spika itamlinda yule binti kuliko inayotaja desibeli peke yake.

Kwa Ipagala kuna swali la ziada, nalo ni la ardhi. Mji huu ulipangwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017. Serikali ilipoanza kuhamia hapa, na Dodoma ikawa Jiji tarehe 26 Aprili 2018, watu waliongezeka na biashara zikawafuata hadi milangoni. Kiwanja cha makazi hakigeuki baa kwa kuleta friji na meza ya pool. Matumizi yake hubadilishwa kwa kufuata sheria ya mipango miji. Kwa hiyo muulize afisa ardhi kiwanja hicho kimeandikwa matumizi gani.

Yupo mwingine ninayemhofia asisahauliwe: mama anayepika ujimbi, pombe ya kienyeji ya mtama. Ameloweka mtama, ameuotesha, ameuanika, ameusaga, amepika na kusubiri uchachuke, na ada za shule za watoto zinatoka humo. Masharti yakiandikwa kwa kumfikiria mwenye ukumbi mkubwa, yeye ndiye atakayefunga kwanza. Mkutano ukiitwa Jumanne saa tatu asubuhi hatafika, maana yuko jikoni. Uitwe jioni, karibu na anapouzia.

Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Maneno yanayosafiri kutoka hapo kwenda kwenye kata na jiji ni yale yaliyomo kwenye muhtasari. Ukimaliza kuzungumza usikae kwanza. Mwombe mtendaji akusomee alichoandika, na kama ulisema saa nne naye ameandika “mapema”, arekebishe mbele ya mkutano.