Samuel Zemurray na Asili ya «Jamhuri ya Ndizi»

Msemo «jamhuri ya ndizi», utumikao kuitaja nchi dhaifu iliyo mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni, ulitungwa na mwandishi Mmarekani O. Henry katika kitabu chake cha mwaka 1904, baada ya kukaa Honduras. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kumfuata mfanyabiashara mmoja, jinsi tunda liwezavyo kuishika dola.

Samuel Zemurray alizaliwa mwaka 1877 katika jamaa ya Kiyahudi huko Kishinev, mji uliokuwa chini ya milki ya Urusi, ambao leo ndio Chișinău, mji mkuu wa Moldova. Alihamia Marekani akiwa kijana, akakaa Selma, katika jimbo la Alabama. Katika bandari ya Mobile aliona kwamba makampuni ya meli yalizitupa ndizi zilizokwisha kuanza kuiva, kwa kuwa zisingefika mbali kabla ya kuoza. Wahenga walinena: mvumilivu hula mbivu. Zemurray alitajirika kwa kutovumilia. Alizinunua mbivu hizo kwa bei ndogo, akazisafirisha kwa treni, akaziuza njiani kabla hazijaharibika.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwani ndizi haisubiri. Atakaye faida yake hana budi kuwa na meli. Mwenye meli huhitaji mashamba ya kuijaza kwa wakati. Mwenye mashamba huhitaji reli hadi bandarini. Na mwenye reli huhitaji serikali isiyomtoza ushuru.

Mwaka 1910 Zemurray alinunua ardhi kando ya mto Cuyamel, Honduras. Wakati huohuo serikali ya Rais Miguel Dávila ilikuwa ikijadiliana na Marekani juu ya mkopo wa benki ya J. P. Morgan, ambao ungeziweka forodha za nchi chini ya usimamizi wa Wamarekani. Zemurray, akihofia kunyimwa msamaha wa ushuru, alimsaidia kwa fedha na meli rais wa zamani, Manuel Bonilla, aliyeondoka New Orleans pamoja na mamluki. Dávila aliacha madaraka mwaka 1911. Bonilla akarudi ikulu mwaka 1912, na Zemurray akapewa ardhi na misamaha aliyoitaka.

Baadaye aliiuza kampuni yake kwa mshindani wake mkubwa, United Fruit, kwa hisa zenye thamani ya dola zaidi ya milioni 30; hisa hizo ziliposhuka katika mdororo wa miaka ya 1930, aliutwaa uongozi wa United Fruit yenyewe. Mwaka 1952 Guatemala ilipitisha sheria ya kugawa ardhi zisizolimwa, zikiwemo za kampuni hiyo. Mwaka 1954 Rais Jacobo Árbenz alipinduliwa kwa mpango wa shirika la ujasusi la Marekani.

Zemurray alifariki New Orleans mwaka 1961. Reli za Honduras zilijengwa ili kuunganisha mashamba na bandari. Tegucigalpa, mji mkuu wa nchi, haukupata kufikiwa na hata moja.